Feloshipu ya Madam Kokuberwa

Kosa ni langu, nalisema mapema ili msianze kumtafuta mchawi. Mimi ndiye niliyemnyima Madam Kokuberwa nafasi aliyoisubiri mwaka mzima, na nilimnyima kwa nia njema kabisa, nimesimama stendi ya Buzuruga, papai kwapani, simu sikioni.

Mimi ni afisa elimu kata. Kazi yenyewe, kwa asiyeijua, ni kuzunguka shule za kata kwa pikipiki kuuliza kwa nini matokeo yameshuka, kisha kwenda wilayani kuulizwa swali hilohilo. Nina stashahada, nina kitambi cha wastani, na kila Alhamisi jioni naongoza feloshipu ya kanisa letu: nyimbo, neno, maombi, chai. Kwa watu wa huku ukisema feloshipu umeshasema maombi. Maana nyingine nilikuwa sijawahi kuisikia.

Sasa Kokuberwa ni mwalimu mkuu wa shule moja ya mwaloni, upande wa Ilemela, pale boti zinaposhushia dagaa. Mhaya, Mkatoliki wa tangu tumboni, na hana neno analolimeza. Shida ya shule yake ni mwezi. Dagaa huvuliwa kwenye giza. Mwezi ukiwa mkubwa wavuvi wanapumzika, ukipotea wanahamia visiwani na familia zao, na nusu ya darasa la pili inaondoka nao. Huko shule inawaambia leteni uhamisho. Uhamisho ukikamilika, mwezi umesharudi na watoto wamesharudi. Kuanika dagaa wanajua, kusoma ndiyo hivyo tena. Madam anataka jambo moja tu: mtoto wa mvuvi apokelewe na shule yoyote ya ziwani, asome, akirudi kwao aendelee.

Mwaka jana walikuja wageni wa shirika fulani, akawaeleza hayo akiwa amesimama mlangoni mwa darasa tupu. Wakasisimka. Wakamwambia, "Mwalimu, tutakuita kwenye programu yetu ya viongozi wa sera za elimu. Watu wa wizara watakuwepo, utawaeleza mwenyewe."

Tangu siku hiyo, nikifika tu shuleni, kabla sijavua helmeti:

"Baba Kija, ile programu vipi?"

"Bado, Madam."

"Bado yako inazidi ya fundi cherehani."

Basi siku ya papai ananipigia dada mmoja mwenye sauti ya redioni. Simu ya Madam haipatikani, maana kule mwaloni mtandao unashika ukipanda juu ya jiwe, kwa hiyo kachukua namba ya kata. Wapiga debe wananiitia Magu sikio hili, Bunda sikio lile. Nikaambulia vipande: "...tunamwalika Mwalimu Kokuberwa... feloshipu ya viongozi... hotelini... gharama zote juu yetu."

Moyo ukaruka. Miaka yote namwalika feloshipu anakataa, leo Bwana kampitia hotelini! Nikawasha pikipiki hapohapo.

"Madam, umeitwa feloshipu."

Hakuinua hata macho kwenye madaftari. "Si Alhamisi?"

"Siyo yetu. Ya viongozi, kubwa. Hotelini, unalala hukohuko."

"Kwa hiyo mlinishindwa kwa nyimbo, sasa mnanijaribu kwa kifungua kinywa?"

Walimu wakacheka mpaka chaki zikaanguka.

"Madam, hii ina upako mwingine..."

"Baba Kija, nina jumuiya yangu, nina rozari yangu, na paroko hajanifukuza. Waambie walokole wako nimeshaokoka tangu nabatizwa. Wewe niletee programu."

"Programu bado," nikasema. Nilisema hivyo, kwa mdomo huuhuu.

Nikampigia dada wa redio. Mwalimu anashukuru sana, ila imani yake haimruhusu.

"Imani... haimruhusu?"

"Ni Mkatoliki, dada."

Nadhani alikuwa anaandika. Halafu kwa heshima zote akasema wanathamini msimamo wake, na je, yupo kiongozi mwingine wa elimu katani anayeweza kuziba nafasi? Nikamwambia nipo mimi mwenyewe, nije na kinanda? Akacheka. Watu huwa wanadhani natania.

Nikaenda. Hoteli yenyewe iko Capri Point, ziwa chini ya dirisha, vitambaa vya meza vyeupe kama vya altare. Nimevaa suti ya harusi yangu, Biblia kubwa mkononi. Mlangoni nikavishwa beji shingoni: *Alexander Mayala, Felo*. Nikajua ni kifupisho cha feloshipu.

Ndani wamekaa wakurugenzi na wakuu wa idara, kila mtu na kompyuta yake mbele. Mwezeshaji, Daktari Rwehumbiza, mtu mpole wa miwani, akasema kila felo aseme kinachomsukuma. Mama mmoja aitwaye Hellen akasema yeye anasukumwa na takwimu. Nikamwonea huruma. Zamu yangu ikafika.

"Bwana asifiwe!"

Wachache wakaitikia amina, kwa mazoea.

"Mimi kinachonisukuma ni mzigo wa roho zinazopotea. Tuinamishe vichwa."

Wakainamisha! Mtu ukiwa na beji watu wanakusikiliza. Nikaomba ombi la kueleweka, na nilipofumbua macho, Daktari Rwehumbiza alikuwa ameandika kwenye karatasi kubwa ukutani: *Roho zinazopotea: wanafunzi watoro.* Wakanipigia makofi.

"Huu," akasema Daktari, "ndio uongozi wenye maono."

Wakati wa chai akanisogelea. "Bwana Mayala, yule mwalimu wenu wa mwaloni ametusikitisha. Kesho tuna kipindi kizima tulichomtengenezea yeye, wizara wanakuja kusikiliza habari ya watoto wa dagaa. Lakini ndiyo hivyo, imani yake."

Nikairudisha sambusa kwenye sahani. "Daktari, kwani hii ndiyo ile programu ya viongozi wa sera?"

"Programu, feloshipu, ni kitu kimoja."

"Huko kwenu."

Nikamsimulia, papai na yote. Alicheka mpaka akavua miwani. Alipoivaa tena alikuwa ameacha kucheka: majina yameshakwenda kwa wafadhili, kubadilisha felo ni mchakato. "Lakini usijali. Wazo lake utaliwasilisha wewe. Wewe unajua kuongea."

Jioni nilimkuta Madam anafunga ofisi. Nikamweleza bila kupunguza. Hakunitukana, jambo ambalo lilinitisha.

"Sema tena. Feloshipu ndiyo programu?"

"Ndiyo, Madam."

"Kwa hiyo niliitwa, nikajikataa mwenyewe. Mbele ya walimu. Nikicheka."

"Kosa ni langu, Madam, mimi ndiye..."

"Nyamaza kwanza. Wizara wanakuja lini?"

"Kesho."

Akatazama ziwani. Boti zilikuwa zimeanza kupakiwa masufuria na magodoro. "Jumatatu giza linaanza. Hawa wanaondoka na watoto wangu. Kesho unanipeleka."

Asubuhi nikampakia pikipiki, kavaa kitenge cha sikukuu, mkoba mapajani. "Ukianza mapambio njiani, nashuka," akasema. Sikuimba.

Mlangoni dada wa redio akatuzuia. Hana beji, haingii. Na viti vina majina. Nikamwambia Madam asubiri palepale nikaseme na wakubwa. Ndani, ukutani wameandika kwa herufi kubwa za rangi: *KUMSIKILIZA MWALIMU*. Watu wa wizara wamekaa mbele. Daktari akanipa kipaza sauti na tabasamu.

"Waheshimiwa," nikasema, "mimi ni felo kwa bahati mbaya. Watoto wa dagaa ni habari ya mwalimu yule aliyesimama mlangoni. Alikataa kuja kwa sababu nilimwambia ni maombi."

Wakacheka, vizuri kabisa, kama watu wanaosubiri mzaha uishe hoja ianze. Mmoja akasema amina.

"Sitanii," nikasema. Nikavua beji, nikaiweka mezani. "Naomba aingie, aeleze yeye."

Hellen akafungua kompyuta yake. Daktari akanong'onezwa jambo kuhusu ndege ya wageni, akaitazama saa. Mzee wa wizara akageuka kidogo kuelekea mlangoni, halafu mhudumu akapita na trei ya kahawa katikati, mzee akaifuata trei kwa macho. Madam alikuwa amesimama wima, mkoba mbele, vilevile alivyosimama kwenye darasa tupu.

Nikakivuta kiti changu nyuma, aone kwamba kiko wazi.

"Jamani, naomba apite."