Dada wa Askari wa Chuma

Kazi yangu ni kusema uongo kwenye kipaza sauti, na watu wanakuja kuusikiliza kwa hiari yao. Kwa lugha ya heshima naitwa mtafsiri wa sinema. Mama Banda, mwenye ukumbi wa mabati ninakofanyia kazi, anaweka sinema za nchi za mbali kwenye runinga kubwa ya ukutani, anapunguza sauti ya wenyewe, na mimi nakaa pembeni nikimsemea kila mtu: shujaa, adui, bibi kizee, hata mbwa. Lugha zao sizijui. Shule niliiacha mapema, au niseme iliniacha yenyewe. Tuliachana kwa amani. Ninachojua ni kusoma sura. Mtu akikunja uso na kushika bunduki, kamusi ya nini?

Kawaida naitazama sinema asubuhi peke yangu, nijue nani atakufa na nani atasaliti, halafu mchana naisimulia kama mtu aliyekuwepo ikitengenezwa. Mtaa umeniita Kipaza mpaka mama yangu mzazi ananiita hivyo. Jina alilonipa mwenyewe analikumbuka akikasirika tu.

Sasa, mchumba wangu anauza kwenye duka la dawa mkabala na banda letu. Siku hiyo asubuhi alinisimamisha mlangoni kwake, bado ana funguo mkononi.

"Baba anakuja leo."

"Anakuja wapi?"

"Bandani kwenu. Anasema haozeshi binti kwa mtu ambaye kazi yake haieleweki. Anataka aione kwa macho yake. Akiridhika, wazee wako waje waseme lao. Asiporidhika, usikanyage tena uani kwetu."

Baba yake ni sajenti mstaafu. Wote tunamwita Afande, pamoja na wanaomzidi umri. Ombi langu la kuposa lilikuwa limekaa kwake muda mrefu bila jibu, na mimi nilikuwa nimeanza kumsalimia mpaka paka wao.

"Na wewe?" nikamuuliza.

"Mimi nitakaa naye. Kipaza, tafadhali. Leo usipitilize."

Kuniambia mimi nisipitilize ni sawa na kumwambia jogoo awike kwa kunong'ona. Lakini niliitikia, kwa sababu bila huyo binti sijui ningekuwa nani. Yeye ndiye mtu pekee anayenisikiliza nikiwa sina kipaza.

Nikamchagulia Afande sinema ya kijeshi, mpya kabisa: askari wa miaka ijayo, mwili chuma, kifuani taa ya buluu, mkono mmoja unatoa moto. Asubuhi hiyo nilipofika katikati, umeme ukakatika. Nusu niliyoiona ilikuwa risasi tupu, mabomu, magari yanaruka. Kulikuwa na mwanamke mmoja mwenye bisibisi aliyekuwa anamtengeneza yule askari mkono. Nikamchukulia ni fundi tu. Nikajiambia nusu iliyobaki nayo itakuwa risasi. Ndivyo akili yangu ilivyo siku zote, inaishia katikati.

Mchana umeme ukarudi, na Afande akaingia. Shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inaweza kukata mkate. Mama Banda akafuta benchi la mbele kwa kitambaa, kitu ambacho benchi lile halijawahi kufanyiwa. Afande akakaa mgongo wima, kofia kwenye goti, binti yake ubavuni. Nyuma kabisa alikuwa Fundi Viatu, ambaye analipa kiingilio ili apate mtu wa kubishana naye.

Nikaanza kwa adabu. "Mnayemwona huyo, ndugu watazamaji, si askari wa kukimbizana na wezi wa kuku. Huyu halali, hali, haombi likizo."

Afande akatikisa kichwa. "Askari wa kweli," akasema kimoyomoyo, ila kwa sauti ya gwarideni, ukumbi mzima ukasikia.

Nikavimba kichwa. Mambo yakaenda vizuri mpaka akatokea yule mwanamke wa bisibisi. Asubuhi, kwenye kiruninga changu, nilikuwa nimeangalia bisibisi. Mchana, kwenye runinga kubwa, mkwe mtarajiwa akiwa hatua chache kutoka kwangu, nikaona macho. Macho yale hayakuwa ya fundi. Akaacha bisibisi, akamshika askari shavu taratibu.

Unajua hali ya kukaa na baba yako jambo la namna hiyo linapoanza. Kila mtu ghafla ana kitu anakitafuta darini. Afande akakohoa. Mchumba wangu akaanza kukagua kucha zake za miguu. Na mdomo wangu, ambao hauniombi ruhusa, ukatangulia:

"Kaka yangu, pole. Mama angekuona hivi, angelia."

Afande akaacha kukohoa.

"Dada," nikamjibia askari, kwa sauti nzito, "nitapona. Tumbo lililotuzaa ni moja, haliwezi kukuacha peke yako."

Nyuma, Fundi Viatu akauliza, "Ni dada yake?"

"Toka nitoke," nikasema.

Nikaona nimeokoka, na hapo ndipo nilipopitiliza. Ningeweza kuachia hapo. Lakini niliwatungia mama mgonjwa, nikawatungia baba aliyeondoka na hakurudi, nikawatungia usiku mmoja wa njaa ambapo dada alimpa kaka tonge lake la mwisho na kusema ameshiba. Mshonaji mmoja benchi la pili akatoa leso. Askari alipomshika yule mwanamke mkono, ukumbi ukaguna kwa huruma. Afande aliinua kofia kutoka kwenye goti na kuishika kwa mikono miwili.

"Dada mwema huyo," akamwambia binti yake.

Binti yake alikuwa ananitazama mimi, na macho yake yalikuwa yanasema jambo ambalo hata mimi nisingehitaji kulitafsiri.

Kisha ikaja nusu ya pili, ile nisiyoiona.

Mabomu yakanyamaza. Ikapigwa muziki laini. Mvua ikaanza kunyesha, na wale wawili wakajificha kwenye jengo bovu, wakasimama karibu. Sinema yoyote ikileta mvua na muziki laini kwa pamoja, mtafsiri anajua kinachofuata.

"Kaka," nikasema haraka, "baridi hii itatuua. Sogea tukumbuke nyumbani."

Wakasogea.

"Sogea, lakini si sana."

Hawakunisikia. Nyuso zikakaribiana. Maji yakanifika shingoni, nikashika kitu cha kwanza nilichokiona, ile taa ya kifuani iliyokuwa imefifia kidogo. "Ndugu watazamaji, tazameni taa. Betri imekwisha. Huyu bila betri ni bati tupu. Dada yake, aliyesomea mambo haya, itabidi amchaji."

"Amchaji kwa kitu gani?" akauliza Fundi Viatu.

"Kwa pumzi."

Midomo ikakutana.

Kicheko kilianzia nyuma kikaja mbele kama mtu anavuta mabati. Nikaendelea, kwa kuwa kunyamaza kungekuwa kukiri. "Anachaji. Bado anachaji. Betri kubwa hiyo, ya kijeshi."

"Mbona na dada kafumba macho?"

"Umeme unauma."

"Na mkono mgongoni kwake unatafuta nini?"

"Swichi."

Mama Banda alinihurumia. Akanyakua rimoti ili azime, lakini mkono ulikuwa unamtetemeka kwa kucheka, akabonyeza kitufe kingine. Picha ikasimama pale pale, midomo juu ya midomo, kubwa kama mlango.

Afande akasimama.

Kicheko kikakatika. Hata feni ya ukumbi niliiona kama imepunguza mwendo. Akageuka kunikabili, na picha ile nyuma yake, kichwa chake kikiwa katikati ya zile pua mbili.

"Kijana."

"Naam, mzee."

"Nimekaa jeshini. Nimesikiliza uongo wa watega kazi, wa watoro, wa walevi. Huo wa kuchaji sijausikia. Sasa nakuuliza swali moja, unijibu moja. Yule ni dada yake?"

Ningeweza kusema askari huyu ni nakala. Nilikuwa nayo tayari, naapa: kwamba kaka halisi kafungwa kiwandani, na huyu ni wa bandia. Lakini mchumba wangu alikuwa ameinamisha uso kwenye viganja, na mabega yake nikashindwa kujua yanalia au yanacheka.

"Hapana, mzee. Si dada yake."

"Kwa nini umesema ni dada?"

"Kwa sababu ulikuwa umekaa na binti yako. Nikaona haya. Nikasema nikiwafanya ndugu, hutahangaika uangalie wapi. Nusu ya mwisho sikuiona, umeme ulikatika. Sikujua wataendelea mbele kiasi hiki."

Yote hayo niliyasema kwenye kipaza sauti, kwa sababu nilikuwa nimesahau kukizima. Waliokuwa wanapita barabarani wakasikia, na mteja mmoja aliyekuwa anasubiri nje ya duka la dawa akachungulia mlangoni ajue ni kesi gani.

Afande akageuka akaitazama picha. Akaitazama kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Kisha akavaa kofia.

"Mwanangu, twende nje tukapunge upepo," akamwambia binti yake. "Mama Banda, wewe wape wanachokitaka. Na wewe kijana, hilo jambo lao likiisha na vita ikirudi, tuite."

Wakatoka. Mlango ulipofungwa tu, ukumbi mzima ukanigeukia.

"Haya, mkwe hayupo," akasema Fundi Viatu. "Ni nani yake?"

"Ni fundi wake."

"Tulijua tangu bisibisi," akasema mshonaji, akikunja leso yake. "Ila mimi ile ya tonge nitaendelea nayo. Usiniharibie."

Jambo lao likaisha. Vita ikarudi, risasi zikalia, nikaenda kuwaita. Niliwakuta wamesimama chini ya ukingo wa bati wa duka la dawa, binti anajikausha macho. Nikagundua yalikuwa ya kucheka. Nikapumua, lakini nusu tu, kwa kuwa mzee uso wake haukuwa na taarifa yoyote.

Akarudi kwenye benchi, akavua kofia, akaiweka kwenye goti.

"Endelea," akasema. "Na umrudishe yule dada. Ile habari ya dada ilikuwa nzuri kuliko ya kwao."

"Mzee, lakini..."

"Ni amri."

Nikaendelea, basi. Askari akapiga maadui, dada akamfungulia njia. Ukumbi ule ambao dakika chache nyuma ulinicheka ukaniunga mkono kwa umoja wa ajabu. Kila yule mwanamke akitokea, watu wanasema kwa pamoja "dada mwema", Fundi Viatu akiwa wa kwanza. Adui mkubwa akaanguka kwenye moto. Nikaona nimefika salama. Picha ikahamia kilimani, jua linachomoza, askari amevua chuma chake, yule mwanamke kasimama pembeni, na mikononi mwake kuna mtoto mchanga.

Vichwa vyote vikageuka kwangu.

"Mtoto wa jirani," nikasema. "Mama yake kaenda sokoni."

Nikamwona Afande akiinama. Mabega yake yalitikisika kwa muda, kofia ikaanguka chini, na binti yake ndiye aliyeiokota. Mzee alipoinuka, uso ulikuwa umesharudi kazini.

Nje akanisubiri. Mchumba wangu alisimama nyuma yake akijifanya anatafuta funguo za duka.

"Kazi yako nimeiona," akasema Afande. "Ni uongo mtupu."

"Ndiyo, mzee."

"Lakini umedanganya ukumbi mzima ili mimi nisiaibike mbele ya mwanangu. Nimekuwa na makoplo wasiokuwa na akili hiyo." Akasafisha kofia kwa kiganja. "Wazee wako waje. Kwa sharti moja. Siku hiyo wewe usifungue mdomo. Hata kuomba maji, uoneshe kwa kidole."

Wazee wakaenda. Mimi nilikaa kwenye kiti cha pembeni, midomo nimeibana mpaka meno yanauma, na msemaji wetu alikuwa baba mdogo. Ninachokifanya mimi kwenye banda ni utani. Baba mdogo ndiye mwenye kipaji chenyewe. Alieleza kwamba nina elimu, kwamba nimebobea katika lugha za kigeni, kwamba wageni kutoka nchi za mbali hawawezi kuelewana mtaani kwetu bila mimi.

Afande akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akanitazama mimi.

Nikanyoosha kidole, nikaomba maji.