Shahidi wa Mauti ya Pazi

Jumatatu ya tarehe 8 Novemba 1886, saa mbili asubuhi, wanawake kumi na mmoja walikuwa wamekaa nje ya nyumba ya kibaba, Bagamoyo. Hapakuwa na mjane kati yao. Walikuwa mashangazi, mabibi na majirani, kila mmoja na mtoto wa mpagazi aliyefia bara.

Nyumba hiyo ilifunguliwa mwezi Aprili kwa amri iliyosomwa sokoni. Kila msafara uliokwenda bara ulitakiwa kuacha magunia mawili ya mtama kwa kila wapagazi ishirini, mtama huo uwe wa watoto. Kifungu cha kwanza kilisema mtoto aliyefiwa na baba apewe kibaba kimoja cha mtama kila siku, naye abaki na mama yake. Ila mama aje mwenyewe kabla ya siku arubaini tangu habari ya msiba kufika, pamoja na mtu aliyeyaona mauti kwa macho yake. Kifungu cha pili kilisema mtoto mwingine yeyote asiye na wa kumlisha apewe mlezi, na kibaba chake kimfuate huko.

Mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi, wala hatoki. Mwandishi wa amri alikuwa mtu wa mji huo huo. Kama alisahau au alikumbuka, haikuthibitishwa. Kilichothibitishwa ni kwamba kwa miezi saba hakuna mjane hata mmoja aliyepata kibaba, na watoto ishirini na sita walikuwa Makurunge kwa mlezi mmoja, mwenye shamba la minazi. Mlezi huyo alikuwa shemeji yake Sadallah, karani wa nyumba ya kibaba.

Pazi, mpagazi wa Zinga, alikufa kwa ndui huko Ugogo mwezi Agosti. Habari ilimfikia mkewe, Mwanamkasi, tarehe 30 Septemba. Waliokuwa na Pazi alipokufa walikuwa wameendelea na safari kuelekea Unyanyembe, na wasingerudi kabla ya mwaka kupita. Tarehe 7 Novemba, Jumapili alasiri, Pazi alifika nyumbani kwa miguu. Hakuingia ndani, kwa kuwa mkewe alikuwa edani. Alisimama nje ya mlango.

"Hodi, Mwanamkasi."

"Nani?"

"Mimi, Pazi."

"Walisema umekufa."

"Nimekufa. Nimesikia anatakiwa mtu aliyeona."

"Siku zimebaki mbili," alisema Mwanamkasi. "Wakimchukua mwanetu Mize, simpati tena. Mtoto wa jirani walimchukua mwezi wa saba, mpaka leo hajaonekana."

"Nipe nimpeleke."

Mwanamkasi alimwogesha mtoto, akampaka mafuta, akampitisha mlangoni bila kujitokeza. Mize alikuwa na miaka minne. Alimnusa baba yake shingoni, akasema ananuka udongo.

Kwa hiyo Jumatatu asubuhi Pazi alikuwa wa kumi na mbili barazani. Alitoa salamu, akaitikiwa. Vumbi jeupe la Ugogo lilikuwa bado nyweleni, na makovu ya ndui yalikuwa makavu. Alipojaribu kusogea karibu na mlango, Zuleha, aliyemleta mtoto wa kaka yake, alimzuia kwa mguu.

"Wewe, aliyekufa hana haraka. Kaa nyuma."

"Sawa, dada."

"Na kama ulikimbia mzigo ukajificha porini, sema sasa. Wapagazi wa kufa hivyo tunao wengi."

Pazi alikaa nyuma. Hadi saa tano wanawake kumi na mmoja walikuwa wameulizwa mama wa mtoto yuko wapi, wamejibu yuko edani, na wamekataliwa. Zuleha alikuwa wa mwisho wao.

"Bwana karani, kwani mama yako hakukaa eda?" aliuliza.

"Alikaa," alisema Sadallah. "Lakini hakuja kudai kibaba."

Kisha akamwita Pazi. Alimtazama kwa muda mrefu, kama anavyotazama gunia lililoshonwa upya. Aliweka unyoya wa kuku chini ya pua ya Pazi, akahesabu hadi mia. Unyoya haukutikisika. Akamshika kifundo cha mkono, hakupata mapigo. Aliandika yote mawili.

"Mauti uliyaona kwa macho yako?"

"Mpaka macho yalipofumba. Ya baada ya hapo sikuyaona."

"Mama wa mtoto yuko wapi?"

"Edani."

"Eda ya nani?"

"Yangu."

Sadallah aliweka kalamu chini. "Nani amekutuma hapa? Hao mashangazi?"

"Hakuna aliyenituma, bwana karani. Nimekuja kwa ajili ya mtoto."

"Sikiliza. Kifungu cha kwanza kinataka mtoto aliyefiwa na baba. Huyu amekuja na baba yake, wameshikana mikono, watu wameona. Nikiandika ni yatima, kesho nitaitwa mwongo." Alichukua tena kalamu. "Una kazi?"

"Sina. Maiti haandikwi msafarani."

"Utamlisha kwa kitu gani?"

Sadallah aliandika: baba amehudhuria, hana uwezo. Chini yake aliandika kifungu cha pili, akapiga muhuri. Zuleha, aliyekuwa amebaki mlangoni, alisema ule muhuri ulikuwa na wino tangu asubuhi, na wote kumi na mmoja hawakupigiwa hata mmoja. Maneno yake hayakuandikwa.

Mize alipelekwa Makurunge siku hiyo hiyo pamoja na mtama wa mwezi mzima. Punda aliyetengwa kwa kazi hiyo alikuwa mgonjwa, hivyo Pazi aliweka gunia kichwani na mtoto begani, akamfuata askari wa nyumba ya kibaba. Walifika saa kumi.

Mrisho, msimamizi wa shamba, alipokea gunia kwanza, akalipima. Kisha akampokea Mize, akamwonyesha walipokaa watoto wengine wakifua makumbi ya nazi. Mwisho alimtazama Pazi.

"Na huyu?"

"Baba yake," alisema askari. "Amekufa."

"Anakula?"

"Hali."

Mrisho akampa jembe.