Nakala Nne

Kikao kilichoamua idadi ya nakala kilichukua dakika arobaini na tano, na katika dakika hizo Tyra Hedenskog alisema ukweli kwa muda wa dakika mbili. Si haba. Katika kampuni ile ya Göteborg, iliyopanga magari ya kuwapeleka wagonjwa hospitalini, wapo waliostaafu bila kufikia kiwango hicho.

Orodha ya safari zote ilikuwa inahamishiwa kwenye ghala jipya la data, ambamo kila kitu hukaa chini ya jina lake: ukitaja jina, unapewa kilichomo. Ghala la namna hiyo halikai mahali pamoja. Hukaa katika nakala kadhaa, kila nakala ndani ya kontena lake, na kontena hizo hutawanywa juu ya kundi la seva, ili seva moja ikifa nyingine ziendelee na kazi. Sharti ni moja tu: hakuna kinachoandikwa mpaka zaidi ya nusu ya nakala zikubaliane.

“Ziwe tatu,” Tyra alisema. “Au tano. Nne hazina faida yoyote. Tukiweka mbili hapa na mbili kwenye tawi la Borås, siku kebo inayotuunganisha ikikatika kila upande utabaki na nusu kamili, na nusu si zaidi ya nusu. Pande zote mbili zitagoma.”

Gunnel Åkerblom, mkuu wa idara, alimsikiliza kwa upole ambao wafanyakazi wake walikuwa wamejifunza kuuogopa. Kisha akaigeukia skrini ukutani, alikoonekana Rolf-Inge Stark, msimamizi wa seva za Borås.

“Rolf-Inge, ninyi huko mnalionaje?”

“Sisi hatuna neno. Makombo tumeyazoea. Jiwekeeni mbili, sisi mtutupie moja, tutaitunza kama yai.”

“Hakuna anayetaka Borås ijisikie hivyo.”

“Basi mbili kwa mbili. Haki sawa. Au hesabu za Tyra zinasema sisi ni nusu watu?”

Watu walicheka kiasi kilichoruhusiwa. Kura haikupigwa, kwa kuwa kura humwacha mtu ameshindwa, na kushindwa hakukuwa desturi ya kampuni. Gunnel aliizunguka meza akimuuliza kila mmoja kama ana kinyongo na mbili kwa mbili. Zamu ya Tyra ilipofika, alisema hana. Kumbukumbu za kikao zikaandikwa: *Wote tumeafikiana.*

Alikuwa na sababu ya kukosa kinyongo. Ulikuwa mwezi wake wa tano katika miezi sita ya majaribio. Kwa miaka kumi na moja alikuwa kwenye foleni ya nyumba za kupanga za mji, akihamahama na binti yake kwa mikataba ya miezi michache, na binti alikwisha kubadilishiwa shule mara tatu. Januari hiyo zamu yao ikafika: vyumba viwili, mtaa wa Majorna, ghorofa ya tatu. Mwenye nyumba hakudai mengi. Alitaka barua ya mwajiri yenye maneno “ajira ya kudumu”, imfikie kabla ya saa sita mchana, Jumatatu ya mwisho ya Februari. Barua hiyo ilihitaji sahihi ya Gunnel.

Tyra akaandika faili la mipangilio kwa mkono wake. Mahali pa idadi aliweka nne. Rolf-Inge alilikagua kwa nusu dakika, akatia alama ya kidole gumba ya kukubali, na ghala likawashwa. Kwa wiki nne lilifanya kazi bila dosari, jambo lililochukuliwa kuwa ushahidi.

Jumanne ya wiki ya tano, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, mafundi wa barabara karibu na Bollebygd, katikati ya miji hiyo miwili, waliikata kebo. Göteborg ikabaki na nakala mbili, Borås mbili. Kila upande ulihesabu nusu yake, ukakataa kuandika. Mapokezi hayakuweza kuongeza safari wala kubadilisha saa.

Tyra alimpigia Rolf-Inge.

“Usiguse chochote. Nitaulazimisha upande huu wa kwangu uendelee peke yake. Wewe zima zako, watu wako waingie kwangu kwa njia ya simu. Umenielewa?”

“Nimeelewa, bibi mkubwa. Kwani mimi mtoto?”

Tyra alitoa amri. Nakala zake mbili zilisahau kwamba ziliwahi kuwa nne, zikaanza kupokea safari. Saa tatu na nusu ofisi nzima ilikwenda kunywa kahawa, kwa sababu ilikuwa saa tatu na nusu.

Kebo iliunganishwa saa tano na nusu, na hapo ndipo Tyra alipoona kwamba Borås nayo ilikuwa hai. Rolf-Inge alikuwa ametoa amri ileile upande wake. Kwa saa mbili kampuni ilikuwa na maghala mawili, kila moja likijiona ndilo pekee, na majina yaleyale yalibeba mambo tofauti.

“Nilikuambia uzime.”

“Uliniambia, kweli. Halafu simu za manispaa zikaanza kulia, nikamuuliza Gunnel, akaniambia nifanye ninaloona sawa. Sasa nani mkubwa, wewe au Gunnel?”

Maghala mawili ya namna hiyo hayachanganyiki. Ili nakala zirudi kuwa nne, upande mmoja lazima ufutwe. Tyra alikwenda mezani kwa Gunnel.

“Nipe saa tatu. Tusimamishe yote mawili, tuzilinganishe safari moja moja kwa macho.”

“Wateja wanasubiri, Tyra.”

“Kwa hiyo nifute upande mmoja?”

“Sijasema ufute.”

“Basi nipe hizo saa tatu.”

“Hilo pia sijalisema.” Gunnel aliweka mkono juu ya mkono wa Tyra. “Nina imani na busara yako. Na nadhani wewe mwenyewe unajua wiki hizi mbili zina maana gani kwako.”

Tyra alirudi kwenye kiti chake. Safari zilizoingizwa Borås wakati wa mkatiko zilikuwa ishirini na sita. Alizihifadhi kwenye faili, akamtumia Rolf-Inge na kumwandikia: *Ziingize upya kwa mkono, sasa hivi, anza na za leo.* Rolf-Inge akatia kidole gumba. Saa sita kasorobo Tyra aliufuta upande wa Borås. Kwenye kumbukumbu za mashine amri hiyo ina jina la mtu mmoja.

Rolf-Inge alikwenda kula. Saa saba alianza kuziingiza, akianza na ya juu kabisa, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa juu. Safari ya ishirini na sita ilikuwa ya Evert Brolin, mzee wa miaka themanini na mmoja, ambaye asubuhi hiyo hospitali ilikuwa imeisogeza zamu yake ya kusafishwa damu kutoka Alhamisi hadi Jumanne ileile. Gari lilikuwa limfuate saa saba na nusu. Aliambiwa kwa simu asubiri nje, kwenye benchi la getini, ili dereva asipoteze muda. Alikuwa mtu wa kufuata maelekezo. Jirani alimkuta hapo saa kumi na moja jioni, nyuzi nne chini ya sifuri. Hakufa. Alikatwa vidole vitatu vya mguu, na daktari aliona ni bahati.

Alhamisi kilifanyika kikao cha kutathmini tukio. Kanuni yake, iliyobandikwa mlangoni, ilisema kwamba hatumtafuti mkosaji, na kwamba jina la mtu halitajwi. Kanuni ina ubora wake: aliyetajwa huweza kujitetea.

“Mhandisi mmoja,” alisoma Gunnel, “aliweka idadi ya nne kwenye mipangilio. Mhandisi huyo baadaye alifuta upande mmoja wa ghala bila idhini ya maandishi.”

“Mimi ningependa kuelewa,” alisema Rolf-Inge kutoka ukutani, “bila kumlaumu mtu, kwa nini mhandisi huyo hakuuliza.”

“Mhandisi huyo aliuliza,” alisema Tyra. “Na alisema mapema kwamba nne ni hatari. Humu humu.”

“Tyra,” alisema Gunnel, “tusilifanye la mtu binafsi. Kumbukumbu zinasema wote tuliafikiana.”

“Na mwingine aliyewasha upande wa pili?”

“Unaona sasa? Huko ndiko kutafuta mkosaji.”

Wenzake kumi na wawili walizitazama kompyuta zao kwa heshima. Mmoja, aliyekula naye chakula cha mchana kila siku tangu Septemba, aligundua kwamba chaja yake imelegea, akaishughulikia. Kikao kilipendekeza nakala ziwe tano, tatu Göteborg na mbili Borås. Rolf-Inge alisema hilo alikuwa analifikiria tangu mwanzo, akakabidhiwa usimamizi wa kazi hiyo.

Baada ya kikao Gunnel alimwita Tyra kwenye chumba kidogo chenye mmea.

“Kwanza nataka ujue kwamba hakuna anayekulaumu.”

“Basi nisainie barua.”

“Siwezi. Hatutaendelea nawe baada ya majaribio.”

“Kwa sababu gani?”

“Sheria hainilazimishi nitoe sababu. Na nikiitoa, itaonekana kama lawama.” Alisubiri Tyra alie, na Tyra hakulia, jambo ambalo Gunnel baadaye alilielezea kuwa ni ugumu wa kushirikiana. “Una wiki mbili za taarifa. Nitashukuru ukizitumia kumfundisha Rolf-Inge. Wewe ndiye unayelijua ghala.”

Jumatatu Rolf-Inge alikuja kwa treni. Alileta keki za mdalasini, akavuta kiti karibu na cha Tyra, akamwomba asiende haraka haraka. Saa sita kasoro dakika kumi simu ya Tyra ililia. Alikuwa mwanamke wa ofisi ya mwenye nyumba, mwenye sauti changamfu.

“Barua yako bado haijatufikia. Tunaingoja?”

“Hapana. Msingoje.”

“Pole sana. Lakini usiwe na wasiwasi, nafasi yako kwenye foleni iko palepale. Hujapoteza hata siku moja.”

“Asante.”

“Nampigia anayefuata, basi. Siku njema.”

Tyra aliiweka simu kifudifudi. Rolf-Inge, aliyesikia yote, alijipangusa sukari vidoleni.

“Foleni ni foleni,” alisema. “Hilo ndilo zuri la nchi hii, hakuna anayeonewa. Angalau binti yako hatahama shule katikati ya muhula.”

“Mkataba wa nyumba tunayokaa unaisha Ijumaa,” alisema Tyra. “Anahama.”

“Ah.” Alivuta kibodi upande wake. “Haya. Hili neno hapa chini ya idadi, linafanya nini?”

Tyra alimweleza linafanya nini. Alimweleza vizuri, mara mbili, mpaka akaelewa.