Vimbunga wa Pike Falls

Lorna Kubicek alikuwa mtunza barafu ya kuteleza katika ukumbi wa michezo wa Pike Falls, Nebraska, kwa miaka ishirini na miwili, na alimdharau Chet Barlow tangu siku alipoingia na viatu vya ngozi ya mamba kutangaza kwamba mji umepata timu. Chet alikuwa muuza mabwawa ya kuogelea. Sasa alikuwa mmiliki wa Vimbunga, timu ya futiboli ya Kimarekani ya ndani: watu wanane kila upande, kofia ngumu vichwani, wakikumbana kwenye uwanja mfupi uliozungushiwa kuta zenye magodoro.

Barafu ikayeyushwa, zulia la majani bandia likatandikwa. Lilikuwa la timu nyingine iliyokwisha kufa, na katikati lilichorwa uso wa mbwamwitu. Vijana wa Chet walipanga vipande ovyo, jicho likaangukia kidevuni.

"Chet, huyo mnyama wako anaona kwa kidevu," Lorna alisema.

"Bi Lorna, watu hawaji kutazama zulia."

"Na hao watu wenyewe wako wapi?"

Walikuja mia mbili hivi, wengi kwa tiketi za bure zilizogawanywa kwenye kituo cha mafuta. Vimbunga walifungwa sitini na moja kwa kumi na mbili. Mechi ya pili walifungwa zaidi. Ya tatu, kocha alitoka wakati wa mapumziko asirudi. Gari lake lilionekana likielekea barabara kuu. Chet akajitangaza kocha, ingawa mchezo wenyewe aliujua kama kuku anavyojua kuogelea.

Mechi ya nne ndiyo iliyowamaliza. Mrusha mpira wao alipopokonywa mpira mara ya tatu, Chet alinyakua kipaza sauti cha mtangazaji. "Kuanzia sasa hivi," alisema, ukumbi mzima ukisikia, "namba saba si mchezaji wangu. Avue jezi aniachie."

Kijana akasimama pale pale, mikono ikining'inia. Wenzake wakaketi kwenye zulia, mmoja mmoja. Terrell Oakes, jitu la kilo mia na hamsini lililofanya kazi kiwanda cha nyama, alitembea taratibu hadi kwa Chet, akamkabidhi kofia yake.

"Vaa wewe, bosi."

Mwenye akili angecheka, akaomba radhi. Chet aliivaa. Aliingia na suruali yake ya kitambaa, akaita mpira, na kwa kuwa wapinzani waliijua kazi yao, walimkumba mara moja tu. Alivuka ukuta akatua kwenye mapaja ya mwanamke mmoja na sahani yake ya chipsi za jibini. Lorna, aliyekuwa mlangoni na ufagio, hakujisumbua kuficha kicheko.

Jumatatu ligi iliwafuta kwa barua ya mistari miwili. Chet hakuja, alituma ujumbe kwamba mgongo unamuuma.

Terrell alikuja kuchukua viatu vyake, akabaki kumsaidia Lorna kukunja zulia.

"Nilifunga pointi mara moja, Mama," alisema. "Mechi ya pili. Uliona?"

"Niliona. Mlinzi wao alikuwa ameteleza."

"Najua," Terrell alisema. "Lakini nilifunga."

Lorna akamshikia upande mwingine wa zulia.

Wiki hiyo dukani watu walimzunguka kwa masikitiko. Muuza nyama, ambaye hakuwahi kukanyaga ukumbini, alitikisa kichwa. "Tungejua wanaondoka, tungekuja."

"Mngekuja kuzika," Lorna alimwambia. "Nipe nyama kilo moja, na usinipimie mafuta."

Alhamisi alifungua maji, akaanza kugandisha barafu yake upya.