Kaka Hajageuza

Jumamosi asubuhi fundi saa alimwaga skrubu kumi na nne kwenye sahani ya plastiki, akazihesabu mara mbili, kisha akapanda ngazi kuingia kwenye mashua yake ndogo, iliyokuwa juu ya magogo nyuma ya nyumba. Mtaani walimwita Kofia, kwa sababu ya kofia ya ukili ambayo haivui hata akiwa ameinama chini ya taa anachokonoa saa za watu. Siku hiyo alikuwa anafunga tanga jipya la mbele, lile la kujikunja: unakaa zako nyuma penye usukani, unavuta kamba, nalo linajiviringisha lenyewe kama mkeka. Hakumwita fundi wa mashua. Alisema mikono anayo.

"Shikamoo, kaka," alisema mdogo wake.

"Marahaba. Hebu sogeza mguu."

Mdogo wake alikuwa amekaa omo, mbele kabisa ya mashua, amekumbatia tanga la zamani, maji yakimchuruzika. Alikufa maji mwaka jana. Walimzika vizuri, na kesho yake akaonekana pale. Majirani walishamzoea, mwenye duka humpungia mkono akipita. Pale maji yanapodondokea, mke wa Kofia alipanda mboga, na zilistawi kwelikweli.

Kila akiulizwa kwa nini hashuki, marehemu alijibu vilevile: "Kaka hajageuza." Watu wakasema ndivyo wafu wanavyoongea, usiwatie maanani.

Kofia alijua maana yake. Tangu wakiwa wadogo, mkubwa hushika usukani, mdogo huenda mbele. Siku ile upepo ulichachamaa ghafla. Mdogo alitambaa hadi omo kulishusha tanga kwa mikono, akapaza sauti, "Geuza, kaka!" Maana tanga halilegei mpaka mashua ielekezwe upepo unakotoka. Kofia alikuwa ndiyo kwanza anageuza. Papo hapo kofia ikamruka kichwani, naye akaachia usukani aidake. Aliidaka. Tanga likafura, likampiga mdogo wake, likamtupa majini. Ukweli wenyewe ndio huo, hauzidi kofia moja. Lakini ufukweni watu walipomzunguka na kumuuliza imekuwaje, aliona haya, akasema, "Alikuwa amekunywa."

Njia ya mwongo fupi, wanasema. Hii ilikuwa na mwaka na miezi miwili, na bado haijaonyesha mwisho.

Ndiyo maana akanunua tanga la kujikunja. Hesabu yake ilikuwa nyepesi: kama omo hakuna kazi tena, aliyeko omo atashuka, na hakuna neno litakalohitaji kusemwa. Alijionea aibu kuwaza hivyo. Aliwaza hivyo hivyo.

Kwanza alifunga mlingoti kwa kamba ya akiba usije ukamwangukia, akafungua waya wa mbele unaoushikilia, akauvisha vipande vya bomba la alumini kimoja baada ya kingine. Marehemu alimshikia ncha. Alikuwa msaidizi mzuri, ila skrubu zilikuwa zinalowa. Kisha Kofia akafunga chini kile kidude cha duara kama bobini kubwa ya cherehani, akakizungushia kamba, akapandisha tanga jipya, akavuta kujaribu. Tanga likajikunja, lakini ule ukanda wa bluu ulioshonwa pembeni, wa kukinga jua, ukaingia ndani badala ya kubaki nje.

"Umezungusha kamba kinyume, kaka."

"Nimeona."

"Ulikuwa unaangalia wapi?"

Kofia alifumua kamba yote, akaanza upya.

Saa kumi mjane wa marehemu alikuja na shati kavu, kama kila siku. Alipanda ngazi, akamvua mumewe shati bichi, akamvisha kavu, akamfunga vifungo. Kisha akainama, akamnusa mdomo. Tangu lile neno litoke, binti yake shuleni anaitwa mtoto wa mlevi, na yeye mwenyewe aliacha kwenda kwenye kikundi cha akina mama, maana kila akiingia mazungumzo yalikatika.

"Shemeji," alisema, "mwaka mzima namnusa huyu. Mbona hanuki pombe?"

Kofia alikuwa na skrubu mdomoni. Akaitema kiganjani, akaitazama. Alitamani kusema.

"Maji yamemsafisha, shemeji."

"Eh?"

"Maji husafisha."

"Haya." Alilikunja lile shati bichi taratibu. "Nilidhani labda. Ahsante basi kwa kufunga hiki kitu. Angalau mlevi mwingine hatakuwa na sababu ya kwenda huko mbele."

"Ndiyo, shemeji."

Kofia akakaa nyuma, akavuta kamba. Safari hii tanga lilijiviringisha lote, bluu nje, bila kunyanzi hata moja. Mdogo wake alilipapasa, akaridhika. Alilitupa chini lile la zamani, akaweka mikono mapajani. Haikuwa na cha kushika.

"Kazi safi, kaka. Hodari wewe."

"Basi shuka."

"Nashuka. Wewe geuza tu."

Kofia alishika usukani, akaupeleka kulia, akaupeleka kushoto. Usukani ulilia, mashua ikabaki juu ya magogo. Mdogo wake alingoja, uso mbele, shati kavu limeshalowa mabegani. Mjane alikuwa chini tayari, ameishika ngazi kwa mikono miwili ili mumewe asiteleze.

"Vipi?" aliuliza.

"Kaka hajageuza," alisema marehemu.

"Msubiri, baba. Kaka yako ana kazi nyingi."

Upepo kidogo ukapita uani. Kofia akaachia usukani, akaishika kofia yake.