Milioni Mbili za Mwisho

Wewe uliyekaa hapo, nitegulie hiki: chungu ni kimoja, wageni wanapakuliwa kwanza, aliyepika anangoja ukoko; chakula kikipunguka, nani analala na njaa? Umesema mpishi. Haya, basi umekwisha kumjua Amri, muuza salfa wa Nachingwea, mumewe Hajra.

Mwaka ule wa 2002 Amri aliwakopesha wakulima salfa na mashine za kupulizia mikorosho, walipe msimu ukifika. Madeni yakafika milioni kumi, na dukani hakuna hata mia ya kuleta mzigo mwingine. Ikaja kampuni moja kutoka Mtwara, ikayanunua madeni yote kwa mkupuo, ikampa milioni saba mkononi, zote zikaingia kwenye mzigo. Makubaliano yalikuwa hivi: Amri aendelee kukusanya, maana wakulima wanamjua yeye. Milioni nane za kwanza zitakazolipwa ni za kampuni. Zikizidi hapo, ni zake. Yaani zile mbili za mwisho.

Hajra ndiye aliyeshika daftari. Akauliza, "Baba Faridi, hizi mbili niziandike wapi? Si bado hazijaja?"

"Ziandike kwenye mali. Mbili kamili. Nani katika watu wetu amewahi kunidhulumu?"

Hajra akaandika. Hapo walikosea wote wawili, maana waliwapima watu, mikorosho hawakuipima.

Amri akalibeba daftari lile mpaka Ruangwa kwa Kipriani, mwenye duka la jumla. Kipriani akasoma, akaona mtu ana mali, akamkopesha bati na saruji, azilipe kwa zile mbili mwisho wa Desemba. Rehani ikawa shamba la Naipingo, mikorosho sitini aliyoipanda marehemu mama yake Hajra kwa mikono yake. Hajra akatia sahihi.

Mwezi wa saba ubwiri, ugonjwa unaozuiwa kwa salfa, ukashuka, maua yakawa meupe kama yamemwagiwa unga, yakakauka. Salfa yote ile ikawa kama haikupulizwa.

Watu walilipa, msidhani walikimbia. Waliposikia shamba la Hajra liko rehani ndiyo kwanza wakajikaza, mmoja debe, mwingine nusu gunia, wakisema tumsaidie mwenzetu. Hajra akawa anajumlisha kila jioni. Milioni sita. Sita na nusu. Saba. Na kila kilichoingia kikapanda basi la Mtwara. Aliyakodolea macho mabasi yale kama mtu anayetazama mvua ikinyesha shamba la jirani. Hata kulia hakulia. Angemlilia nani, na hakuna aliyemwibia?

Jumamosi, siku tatu kabla ya mwezi kwisha, hesabu ilikuwa saba na laki nne. Ndipo akaja Letisia wa Mkotokuyana, anasukuma baiskeli yenye gunia.

"Hodi, watani! Mmejifungia mnakula kuku peke yenu?"

"Kuku gani, mtani," Hajra akajibu. "Hata manyoya hatuna."

"Uchoyo wenu naujua tangu zamani. Haya, namalizia deni langu. Hili nililiweka kwa ada ya Felisian, lakini ada itangoja. Sitaki Naipingo iende kwa mtu wa Ruangwa huku mimi nadaiwa." Akamgeukia Amri. "Hili si litaokoa shamba?"

Amri akalibeba gunia mpaka kwenye mzani. Kilo themanini. Akachukua kalamu, akaiweka chini, akaichukua tena.

"Nimekuuliza, mtani. Au korosho zangu zina mawe?"

Hajra akamtazama mumewe. Tangu Oktoba watu walikuwa wakiuliza hivyo hivyo, na Amri akiwajibu "Mungu yupo," akawaandikia risiti. Hajra naye alinyamaza, maana deni ni deni, na makubaliano yalisema wakusanye. Lakini huyu ameacha ada ya mtoto.

"Amri!" Letisia sasa hacheki. "Litaokoa shamba, au haliokoi?"

Amri akaiweka kalamu.

"Haliokoi, dada. Hata ungeleta kumi kama hilo. Kesho linapanda basi la Mtwara kujazia nane za kampuni, na Jumanne shamba la Hajra linakuwa la Kipriani."