Taa ya Tano

Kwa miaka arobaini na mitano Gasper alikuwa ndiye fundi wa ukoo wa wakwe zake, na cheo hicho alikipata kwa wizi. Si wizi wa kupelekwa polisi. Alinyofoa taa moja kwenye redio ya mtu, akakaa nayo wiki tatu, akairudisha. Lakini kwa wizi huo alipata mke, heshima na jina la Fundi, na mpaka anastaafu kazi ya umeme alikuwa hajamwambia mtu yeyote.

Redio yenyewe ilikuwa ya Mzee Leonardi, baba mkwe wake, moja ya zile za zamani zenye sanduku la mbao na kitambaa cha kahawia mbele. Redio hizo ndani yake zina taa za kioo, kila moja ukubwa wa kidole gumba, na lazima zipate moto kwanza ndipo redio iseme. Hiyo ilikuwa na taa tano. Mwaka sabini na tisa Gasper, kijana wa kufunga nyaya, aliitwa nyumbani kwa mzee, wakati huo wakiishi Kasingirima, aje kubadili swichi. Swichi ilimchukua dakika kumi. Wakati anakusanya bisibisi zake akatokea Scola, binti wa mzee, na sinia la chai na mihogo ya kuchemsha, na Gasper akaona wazi kwamba nyumba hii hawezi kuiaga kwa swichi moja.

Mzee alizima redio akaenda kuoga. Gasper akafungua kifuniko cha nyuma, akaivuta taa ya mwisho kwa leso isiteleze, na kuisokomeza kwenye soksi ya kushoto. Mapenzi yalimsahaulisha kwamba redio ilikuwa imezimwa sasa hivi tu. Alitoka akichechemea, machozi yakimlengalenga, na mzee alipomuuliza kulikoni akajibu kwamba mguu umekufa ganzi. Kovu analo mpaka leo, la mviringo, juu ya kifundo. Scola aliambiwa kwamba aliunguzwa na bomba la moshi la pikipiki.

Kesho yake akaitwa: redio imekuwa bubu. Gasper alikwenda Alhamisi tatu mfululizo. Aliifungua, akaikunjia uso, akaigongagonga, akanywa chai. Alhamisi ya tatu akairudishia taa yake, redio ikanguruma, na Mzee Leonardi akatangaza mbele ya majirani kwamba kijana huyu ana mikono. Posa ilipofika mzee aliuliza swali moja tu: ndiye yule fundi?

Asiyeamini alikuwa mmoja, Adolf, mdogo wake Scola. Kila sikukuu ya ukoo alisema kwamba ile ilikuwa bahati, maana tangu siku ile hakuna aliyemwona Gasper akitengeneza redio nyingine. Hapo alikuwa amesema kweli tupu, na ndiyo maana Gasper alimchukia.

Alipostaafu, cheo kikaanza kumsuta. Akaamua kuisomea kazi aliyosifiwa bure. Alinunua redio mbovu za zamani, moja hapa moja pale, akazipanga juu ya meza ya chakula nyumbani kwake Bangwe, kando ya ziwa. Alizisafisha kwa brashi ya rangi, akabadilisha nyaya zilizoliwa na panya, akajiunguza vidole kwa chuma cha kulehemu risasi. Kati ya redio sita, mbili zilifufuka. Scola alihamia kula jikoni.

"Nyumba ina redio sita," alikuwa akiwaambia wageni, "na taarifa ya habari naisikiliza kwenye simu."

Basi Jumatatu moja Adolf akashuka kwenye bajaji na redio ya Mzee Leonardi, imefungwa kwenye shuka. Mzee mwenyewe alikuwa amefariki miaka mitatu nyuma, na redio ilibaki Mwandiga kwa mjane wake, Mama Veneranda.

"Ya Mama imekufa," alisema Adolf. "Kioo cha namba kinawaka, lakini haisemi. Mama kasema apewe Fundi." Neno Fundi alilitamka polepole, akilionja. "Jumapili tunakutana kule Mwandiga kwa komunyo ya mjukuu. Nimeshanunua spika ya Kichina, yenye taa za rangi. Ukishindwa, shemeji, usiwe na wasiwasi. Muziki upo."

Gasper akasema Jumapili redio itasema. Akarudia kwa sauti kubwa zaidi, kwa kuwa mara ya kwanza hakujisadiki.

Adolf alipoondoka, akafungua kifuniko. Kulikuwa na vumbi, mabawa ya mende, na taa nne zimesimama mahali pake. Tundu la tano lilikuwa tupu. Lilikuwa lilelile.

Gasper alifanya ishara ya msalaba, akafunga kifuniko na kwenda kukaa nje akitazama ziwa. Mzee amejua, aliwaza. Huko alikokwenda wamemwambia. Siku hiyo hakula, na Scola alipomuuliza anaumwa nini akajibu kwamba ni jua, ingawa kulikuwa na mawingu.

Asubuhi akili ilimrudia kidogo. Akaenda na redio Ujiji kwa Hamdani, muuza vyuma na vifaa vikuukuu, aliyekuwa na gunia zima la taa za redio. Wakazijaribu moja moja hadi adhuhuri. Nyingine zilikuwa na miguu saba pale penye kutakiwa tisa, nyingine zilikuwa nene, nyingine zilishaungua tangu zama za wakoloni.

"Mzee Gasper," Hamdani alisema mwishoni, akijifuta mikono, "taa kama hii haianguki yenyewe. Inang'ang'ania tundu mpaka mtu aivute. Ungemuuliza aliyekuwa nayo redio."

Gasper alijua hivyo. Ndilo alilokuwa akilikimbia tangu jana. Kumuuliza mama mkwe kama ameona taa ya tano kulikuwa sawa na kuuchimbua mwaka sabini na tisa kwa jembe. Tena Mwandiga hakuwa amekanyaga tangu matanga. Zamani alikwenda kwa ajili ya mzee. Walikaa pamoja, wakazungumza mpira na siasa, na mama alipita tu na sinia. Katika nyumba ile walishika adabu za zamani, mkwe na mama mkwe hawakai wakatazamana, na neno zito baina yao lazima lipitie kwa mtu wa tatu. Mzee alipoondoka, mtu wa tatu aliondoka. Gasper akawa anatuma samaki wa migebuka, sukari na mawese kila mwezi kwa mkono wa Scola, na moyoni akajihesabu kuwa mkwe mwema.

Alhamisi akaibeba redio akaenda.

Alimkuta Mama Veneranda barazani, ameketi mkekani, miguu ameinyosha. Alikuwa na miaka themanini na sita na alikuwa peke yake.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwana wanje, mwanangu. Mtue mgonjwa wako hapo."

Gasper akaiweka redio juu ya kigoda, katikati yao. Mama akageuka ubavu. Gasper akakaa kwenye kiti karibu na mlango, akiangalia uani walikokuwa kuku.

"We redio," Mama akaanza. "Mbona umerudi hujapona?"

Gasper akakohoa. Hakuulizwa yeye. Lakini redio ilikuwa kimya, na mgonjwa asiyeweza kusema husemewa.

"Redio, mwambie Mama kwamba ndani yako kumepungua kitu."

"Mjibu kwamba najua. Ninacho mimi."

Kuku mmoja alipanda barazani, na hakuna aliyemfukuza.

"Redio," Mama akaendelea, bila haraka yoyote, "wewe unakumbuka. Mtu alikuja kwangu Kasingirima, akakunyofoa taa, akaitia kwenye soksi. Nilikuwa nyuma ya pazia na kopo la sukari. Nikamwona anaruka kwa mguu mmoja, ameuma mkono asipige kelele. Nilicheka mpaka sukari yote ikamwagika."

Kovu la Gasper lilianza kumwasha. Alitamani ardhi ya Mwandiga ipasuke immeze, na redio juu yake.

"Muulize Mama," alisema kwa shida, "kwa nini hakumwambia mzee."

"Nimwambie ili iweje? Ulikuwa wakati wa vita. Leonardi alikufungulia alfajiri, habari za vita. Mchana habari za vita. Usiku anatuamsha nyumba nzima tusikie zilezile za mchana. Mtu yule akakunyamazisha. Wiki tatu nililala kama watu wengine. Siku uliposema tena, nilikwenda jikoni nikalia."

Gasper alijikuta anacheka. Akajizuia, kwa heshima, akabaki anatikisika mabega.

"Basi, redio, safari hii aliyekutoa taa ni nani?"

"Ni mimi. Na nilisubiri ipoe kwanza, sikufanya kama wengine."

Aliposema tena sauti ilikuwa imeshuka.

"Leonardi alipokufa niliambiwa nimefiwa na mume. Sikuambiwa kwamba siku hiyohiyo na mkwe naye kafa. Samaki wanafika, sukari inafika, mtu hafiki. Wewe redio unanisemesha kutwa nzima, bei ya mahindi, mpira, mvua. Lakini hujaniuliza hata siku moja nimeamkaje. Nikakumbuka kwamba mtu yule, ili aje, lazima redio ife kwanza."

Gasper aliona aibu, si ile ya soksi. Ile ya soksi ilikuwa imeshakwisha. Hii ilikuwa mpya.

Mama akafungua pindo la kitenge chake, akatoa taa, akaiweka juu ya redio.

"Haya, mpe mtu wako akutibu. Jumapili asichekwe mbele ya watoto."

Gasper akaichukua. Ilikuwa nyepesi, imefutwa vumbi. Ilitosha kuisukuma tu, kazi ya nusu dakika. Aliiona Jumapili yote: redio inanguruma, Adolf ameshika spika yake hana pa kuiweka, na ukoo mzima unasema Fundi ni Fundi. Akainama achukue bisibisi, na hapo akaviona vikombe. Vilikuwa viwili kando ya mkeka. Kimoja kilikuwa cha Mama, nusu. Cha pili kilikuwa kimejaa, kimefunikwa kwa kisahani, na chai yake ilishapoa na kuweka utando. Kilimiminwa muda mrefu kabla yeye hajafika, na hakuwa amemwambia mtu kwamba angekuja.

Akaitia taa kwenye soksi ya kushoto. Kifuniko hakukifungua, ila alikaza skrubu zake zote nne.

"Redio," alisema, "mwambie Mama ugonjwa wako umejificha. Leo nimepima tu. Nitarudi Alhamisi."

Mama alimwaga chai iliyopoa uani, akamimina ya moto.

Jumapili spika ya Adolf iliwaka nyekundu, kijani na buluu tangu watu wanarudi kanisani, na wajukuu wakaizunguka. Redio ya Mzee Leonardi ilikaa kimya juu ya kigoda. Adolf alisubiri watu washibe, akasimama.

"Vipi, shemeji? Redio?"

"Nimeshindwa," alisema Gasper.

Adolf, ambaye alilingoja neno hilo kwa miaka arobaini na mitano, hakuwa amejiandaa kulipata kirahisi hivyo. Akauliza tena, kama amesikia vibaya.

"Nimeshindwa, shemeji. Ni ngumu."

Lilimuuma kuliko alivyotegemea. Watoto wa dada zake Scola walicheka, na mtu mmoja akapiga makofi. Mama Veneranda akasema kutoka mkekani kwamba redio isiondolewe hapo, fundi anaendelea nayo, na walioshiba waoshe vyombo.

Alhamisi asubuhi Gasper alivaa kandambili. Taa alikuwa ameiacha ndani ya ile soksi na kuisukuma nyuma kabisa ya droo, chini ya nyaya. Amefika mlangoni, Scola akamwita. Alikuwa ameshika soksi ya kushoto, imekunjwa vizuri, na ncha yake ilikuwa na kitu kigumu.

"Fundi anaendaje kazini bila kifaa?"

Gasper aliitazama soksi, akamtazama mkewe.

"Ulijua tangu lini?"

"Miaka yote hii unaniambia bomba la pikipiki," alisema Scola, akimtilia soksi mfukoni. "Gasper, wewe hujawahi kuwa na pikipiki. Nenda, chai ya Mama itapoa."